Kompyuta isiyo na prosesa: ipi inaweza kujengwa kwa mikono hapa Lubumbashi?

Kijana wa Katuba aliuliza:

Yambo wote. Ninamaliza masomo ya elektroniki hapa Lubumbashi na ninatafuta somo la TFC yangu, yaani kazi ya kumaliza masomo. Kuna jambo linaloninyima usingizi: njia za kupiga hesabu ambazo hazifuati muundo wa kompyuta tunazozijua, yaani prosesa upande huu, kumbukumbu upande ule, na maagizo yanayosomwa moja baada ya jingine. Nimesoma juu ya kompyuta za maji, za mwanga, za DNA, za kwantamu, hata za viumbe hai. Kila nikisoma hamu inazidi, lakini karibu zote zinadai maabara ambayo sina.

Mwalimu anayenisimamia alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu: "Kifaa kisicho na programu unakiitaje kompyuta?" Anataka nimletee kitu kinachofanya kazi juu ya meza. Muhtasari wa makala za watu wengine hautaki.

Hali yangu ni hii. Nina chuma cha kulehemu, mita moja ya sindano na moja ya namba. Osiloskopu ni ya chuo na tunaipata kwa zamu. Umeme wa kwetu unakatika, mara nyingine usiku mzima. Vipande nanunua mjini, au nafungua redio na amplifaya zilizokufa.

Naomba ushauri wa watu waliogusa vitu hivi kwa mikono. Katika njia hizi zote, ipi naweza kuijenga kweli, ikapiga hesabu ya kweli, na nikaweza kuitetea mbele ya jopo? Na lile swali la mwalimu linajibiwaje?

Jirani wa Nguba (Bukavu):

Ndugu yangu, usiikimbie kwantamu kwa ajili ya maabara. Mashine zenyewe ni kweli hutaziweza: nyingi hukaa kwenye baridi ya sehemu ndogo ya digrii moja juu ya sifuri kamili. Lakini tangu 2016 IBM iliwafungulia watu mashine zake kwa intaneti. Unaandika saketi yako ya kwantamu kwenye simu au laptopu, inakwenda kufanyiwa kazi huko, majibu yanarudi. Anza na saketi ya kyubiti mbili (kyubiti ni biti ya kwantamu), halafu soma kazi ya Peter Shor ya 1994 juu ya kutafuta vigawo vya namba kubwa. Ni njia tofauti kabisa ya kufikiri, na gharama yako ni megabaiti tu.

Papa wa Vipimo (Kamalondo):

Mwanangu wa Katuba, wa Bukavu amesema vizuri, lakini wewe umeombwa kitu cha juu ya meza. Nisome polepole, maana swali la mwalimu wako ni zuri na lina jibu.

Nimefanya kazi maisha yangu yote kama fundi wa vipimo katika kiwanda cha shaba. Nilipoingia, chumba cha uendeshaji hakikuwa na kompyuta hata moja ya aina unayoijua. Ukuta mzima ulikuwa na visanduku vya chuma, kila kimoja na sindano yake na karatasi yake ya kuchora mstari, na nyuma ya ukuta mabomba membamba ya shaba yaliyobeba hewa. Visanduku vile vilikuwa vinapiga hesabu mchana na usiku: kutoa, kuzidisha, integrali (yaani kujumlisha kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda), kasi ya mabadiliko. Hakuna waya wa umeme ulioingia ndani yake. Kompresa ilikuwa na tangi kubwa la akiba, na umeme ulipokatika hesabu iliendelea mpaka hewa iishe.

Nikuonyeshe jinsi ilivyokuwa. Tuseme tunapima kimo cha maji katika tangi. Tangi likiwa tupu, bomba linabeba hewa yenye shinikizo la bari 0.2. Likijaa, bari 1. Likiwa nusu, 0.6. Kwa nini haianzi sifuri? Kwa sababu bomba likipasuka hewa inashuka hadi sifuri, na fundi anajua papo hapo kwamba bomba ndilo lililokufa, tangi halijawa tupu. Uushike ujanja huo. Hata nyaya za miliampea 4 hadi 20 zilizokuja baadaye zimeurithi.

Ndani ya kisanduku kuna pua nyembamba inayotoa hewa, na mbele yake kibamba chepesi. Kibamba kikiikaribia pua kwa sehemu ndogo sana ya milimita, shinikizo nyuma ya pua linapanda. Shinikizo hilo linarudishwa kwenye mvukuto mdogo unaokisukuma kibamba kiondoke. Basi: mivukuto miwili ikishindana juu ya wenzo mmoja, umepata kutoa, yaani kimo kilichopo ukitoa kimo unachokitaka. Sogeza egemeo la wenzo, umepata kuzidisha. Sasa weka vali ya sindano kwenye njia ya mvukuto mwingine, hewa iingie kidogo kidogo. Kosa likidumu, mvukuto unazidi kujaa kadiri muda unavyokwenda, na hiyo ndiyo integrali. Muda wake tulikuwa tunaupanga kwa bisibisi.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha kutoa kipeuo cha pili. Mtiririko wa maji katika bomba kubwa tuliupima kwa kuweka sahani ya chuma yenye tundu katikati ya bomba, kisha kusoma tofauti ya shinikizo mbele na nyuma ya sahani. Tofauti hiyo inakwenda na mraba wa mtiririko: mtiririko ukiongezeka mara mbili, tofauti inaongezeka mara nne. Kwa hiyo ili upate mtiririko wenyewe ni lazima utoe kipeuo cha pili, tena bila kusimama, maana maji hayakusubiri. Kulikuwa na kisanduku cha kazi hiyo tu, nyenzo na mivukuto iliyopangwa kwa namna ambayo mwendo wake unatoa kipeuo. Nimevifungua, nimevisafisha vumbi la madini, nimevipanga upya kwa manomita ya maji, yaani mrija wa kupimia shinikizo. Hapakuwa na namba popote ndani yake, ila jibu lilitoka sahihi kwa kiasi cha asilimia moja.

Programu ilikuwa wapi? Katika namna mabomba yalivyoungwa. Ukitaka hesabu nyingine, unafungua nati na kuunga mabomba upya. Hilo ndilo jibu la mwalimu wako: kifaa kile kina programu, ila haiandikwi kama orodha ya maagizo. Imo katika muungano wa sehemu zake.

Na hatukuwa peke yetu. Mwaka 1936, katika Umoja wa Kisovieti, mhandisi Vladimir Lukyanov alijenga mashine ya maji kwa sababu ya nyufa za saruji. Saruji ikimwagwa inapata joto, nje kuna baridi, ndani kunachemka, inapasuka. Mlinganyo wa joto linavyosambaa ni mgumu kuupiga kwa kalamu. Lukyanov aliona kwamba maji yanayopita kutoka chombo hadi chombo kwa mirija myembamba yanautii mlinganyo uleule. Akaweka kimo cha maji kisimame badala ya joto, upana wa chombo badala ya uwezo wa saruji kutunza joto, na wembamba wa mrija badala ya ugumu wa joto kupenya. Akafungua mabomba, maji yakajipanga, yeye akasoma vimo. Ukiniuliza mimi, hiyo ni moja ya fikra bora kabisa za karne ile, na nasikitika kwamba vijana wanamaliza masomo bila kulisikia jina lake.

Mwaka 1949 Bill Phillips, mtu wa New Zealand aliyekuwa London, alionyesha mashine ya maji ya uchumi wa nchi katika London School of Economics: maji ya rangi yakawa pesa, matangi yakawa akiba, vali zikawa kodi na matumizi ya serikali. Unafungua kodi, unaona maji yanavyopungua kwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu: usianze kwa kuchagua kifaa cha ajabu. Anza na mlinganyo unaotaka kuutatua, kisha tafuta kitu kinachoutii mlinganyo huo chenyewe, na ukiache kitembee. Bei yake ni usahihi. Hutapata tarakimu kumi. Utapata mbili, tatu ukijitahidi, na kwa kazi nyingi za kiwanda zilitosha kabisa.

Dada wa Bel-Air:

Asanti sana Papa, sikuwahi kuelezwa visanduku vya hewa kwa namna hii. Mimi ni mtu wa programu, na kwa heshima yote naweka pingamizi, kwa sababu jopo nalo litaliweka.

Dijitali haikushinda kwa bahati. Katika mashine ya Papa kila kifaa kinaongeza kosa lake dogo, na ukiunga ishirini kwa mfuatano makosa yanajumlikana. Katika dijitali kila hatua inaisafisha ishara: ni 0 au ni 1, uchafu wa katikati unatupwa. Ndiyo maana unaweza kunakili faili mara elfu na nakala ya mwisho ikalingana na ya kwanza. Halafu mashine ileile inapiga mishahara asubuhi na kuandika barua mchana, bila mtu kufungua nati. Kijana, usiandike kwamba njia za zamani zilidhulumiwa. Ziliachwa kwa sababu nzuri.

Lakini sasa kuna sababu nzuri ya kuzirudia, na ningependa TFC yako iiseme. Muundo tunaotumia unatoka kwenye ripoti ya John von Neumann ya 1945 juu ya mashine ya EDVAC: kumbukumbu moja inashika data na maagizo, prosesa inavichota humo. Mwaka 1977, katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, John Backus alilalamikia ule mlango mwembamba kati ya prosesa na kumbukumbu, ambamo kila kitu lazima kipite foleni. Wakati ule hoja ilikuwa ni muda. Leo ni umeme. Mark Horowitz wa Stanford alitoa makadirio mwaka 2014, kwa chipu za nanomita 45: kujumlisha namba mbili kamili za biti 32 kunakula kiasi cha pikojuli 0.1 (pikojuli ni kipimo kidogo sana cha nishati), na kuileta namba ya biti 32 kutoka kumbukumbu ya nje kunakula kiasi cha pikojuli 640. Hesabu yenyewe ni karibu na bure. Safari ya data ndiyo inayokula, mara maelfu.

Ndiyo maana watu wanajaribu kupiga hesabu palepale data ilipo. Chukua wavu wa nyaya, za kulala na za kusimama, na kwenye kila makutano weka ukinzani unaoweza kubadilishwa. Volti ukizitia upande mmoja, kila makutano yanazidisha kwa sheria ya Ohm, na kila waya wa kusimama unajumlisha mikondo kwa sheria ya Kirchhoff. Jedwali zima la namba limezidishwa kwa mpigo mmoja, na namba hazijatoka mahali pake. Leon Chua alitabiri kifaa cha kufaa kazi hiyo mwaka 1971, akakiita memrista, na maabara ya HP ikatangaza mwaka 2008 kuwa imekitengeneza. Papa, nadhani utakubali kwamba huu ni ukuta wako wa visanduku umerudi, umepunguzwa tu.

Jambo moja zaidi. "Njia nyingine" haina maana ya analogi peke yake, yaani mashine kama za Papa, ambamo shinikizo, kimo au volti inasimama badala ya namba. Mwaka 1958 katika Chuo Kikuu cha Moscow, Nikolay Brusentsov alijenga Setun, kompyuta ya dijitali isiyotumia 0 na 1 bali hali tatu: kasoro moja, sifuri, moja. Zilijengwa takriban 50. Anayetaka kuielewa aende sokoni akatazame mizani ya sahani mbili. Kwa mawe manne tu, ya kilo 1, 3, 9 na 27, unapima kila uzito kamili kuanzia 1 hadi 40, mradi ukubali kuweka mawe pande zote mbili. Kilo 5 za unga? Weka 9 upande wa pili, kisha 3 na 1 pamoja na unga. Jiwe la upande wa unga ni kasoro moja, la upande wa pili ni moja, lisilotumika ni sifuri. Na namba hasi hazihitaji alama ya pekee, unageuza tu pande. Naipenda sana hesabu hii.

Mwalimu wa Likasi:

Nafundisha biolojia, nitasema ya kwangu haraka.

Kuna kiumbe cha manjano chenye ute, Physarum polycephalum, kinachotambaa juu ya magogo yaliyooza. Si uyoga wala si mnyama, hakina ubongo. Mwaka 2000 Toshiyuki Nakagaki na wenzake huko Japani walikiweka ndani ya fumbo la vijia, chakula kwenye milango miwili. Kikatanda kila kona, kisha kikajiondoa kwenye vijia vilivyofungwa na kubaki kwenye njia fupi. Mwaka 2010 wakapanga punje za shayiri sehemu 36 kwa ramani ya eneo la Tokyo, na kwa sababu hakipendi mwanga wakamulika sehemu za milima. Mtandao kilioujenga ulikaribiana na ule wa reli kwa ubora wa njia na gharama.

DNA nayo: Leonard Adleman, Marekani, 1994. Miji 7, je, iko njia inayopita kila mji mara moja tu? Kila mji kipande cha DNA, kila barabara kipande cha kuunganisha, vyote ndani ya tone la maji. Njia zote zikajiunda kwa wakati mmoja. Kulichuja jibu ndiko kulikochukua siku 7 za maabara. Na mwaka ufuatao Juris Hartmanis alipiga hesabu kwamba kwa miji 200 ungehitaji DNA yenye uzito kupita dunia.

Kwa TFC ya elektroniki sikushauri njia hizi. Ute unataka giza, unyevu na wiki nyingi. Mwanafunzi wa biolojia akitaka kujaribu, anitafute humu.

Mjukuu wa Kamina:

Nashangaa hakuna aliyetaja lukasa. Waluba wa Katanga hii hii walikuwa na ubao wa mti unaoenea mkononi, umepigiliwa shanga na simbi, na watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole: nasaba za wafalme, safari, mpangilio wa jumba la mfalme. Shanga kubwa ilizungukwa na ndogo, rangi na mahali pake vilikuwa na maana. Mimi naihesabu katika mada hii.

Kijana wa Katuba:

Asanti sana wote, nimesoma mara mbili. Papa, nimeamua: analogi. Mlinganyo nimeupata nyumbani. Tuna tangi la maji juu ya kibanda. Pampu inalijaza umeme unapokuja, nyumba inalimaliza umeme usipokuwepo. Nataka kutabiri kimo cha maji. Lakini naogopa jopo litasema ni mchezo wa watoto. Nijenge kwa maji, au kwa ampliopu, zile chipu za kukuza volti? Na vipande vipi visinisaliti?

Papa wa Vipimo (Kamalondo):

Kwanza kwa Mjukuu wa Kamina: umefanya vizuri kuileta lukasa, na ningependa ifunguliwe mada yake. Lakini tuiheshimu kwa kuisema ilivyo. Ni kumbukumbu, na mwenye kuisoma ndiye aliyebeba nusu ya kazi. Wasomaji wawili wangeweza kusimulia tofauti kwa ubao mmoja, kadiri ya wakati na wasikilizaji. Kijana asiiite mashine ya hesabu mbele ya jopo.

Dada wa Bel-Air, nakubali kila neno. Kijana, pingamizi lake liandike kwenye sura ya kwanza, lisisubiri kuletwa na jopo.

Sasa kazi. Mwanangu, jenga vyote viwili, maji na ampliopu, na uvishindanishe. Hapo ndipo TFC inapata uzito.

Maji: chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ikate sehemu inapoanza kuwa nyembamba, bandika karatasi ya milimita ubavuni. Chini toa maji kwa mrija wa seramu (ule wa dripu ya hospitali), mrefu, na mdomo wa mrija ulale usawa wa kitako cha chupa. Kwa nini mrija mrefu, usitoboe tundu tu? Kwa sababu maji yakitoka kwenye tundu kasi yake inafuata kipeuo cha pili cha kimo, lakini yakipita polepole katika mrija mrefu mwembamba, mtiririko unafuata kimo chenyewe. Lukyanov alitumia mirija myembamba kwa sababu hiyo hiyo. Jaza, fungua, andika kimo kila nusu dakika. Tafuta dakika ambayo kimo kimeshuka hadi asilimia 37 ya mwanzo. Hiyo ndiyo namba ya muda ya chupa yako, na kila kitu kingine kinaifuata.

Ampliopu: tafuta TL074, ina nne ndani ya chipu moja. LM324 utaipata kila mahali na itakushawishi kwa bei, ila milango yake inakunywa mkondo kidogo, na kwenye rezista kubwa mkondo huo unalisogeza jibu lako bila wewe kugusa kitu. TL074 haichukui karibu chochote. Umeme wake ni betri mbili za volti 9 zilizoungwa kwa mfuatano, na kiungo cha katikati ndicho sifuri yako. Chipu nzima inakula miliampea chache, kwa hiyo umeme wa mtaa ukikatika wewe unaendelea.

Anza na integreta, saketi ya kupiga integrali, peke yake: rezista ya megaohmu 1 kwenye mlango wa kugeuza (ule wenye alama ya kasoro), kapasita ya mikrofaradi 1 kutoka mdomo, mahali jibu linapotokea, kurudi kwenye mlango huo, mlango mwingine kwenye sifuri. Zidisha vipimo hivyo viwili, unapata sekunde 1. Kapasita iwe ya filamu ya plastiki. Zile za mviringo zenye alama ya kasoro ubavuni zinavuja, na integreta inayovuja imeshasahau hesabu kabla hujaisoma. Tia volti 1: mdomo utashuka volti 1 kila sekunde, mpaka ugonge kikomo cha betri karibu na 7. Ukiona hivyo kwenye mita ya sindano, umeiona integrali kwa macho.

Kisha igeuze integreta iwe tangi. Weka rezista ya megaohmu 10 sambamba na kapasita, na nyingine ya megaohmu 10 mahali pa ile ya mlangoni. Sasa namba ya muda ni sekunde 10. Volti ya mlangoni ni pampu, volti ya mdomoni ni kimo, ikiwa na alama iliyogeuzwa. Ampliopu ya pili itairudisha. Ukiitoa volti ya pampu, kimo kinashuka kwa mkunjo uleule wa chupa. Chupa yako ikiwa na namba ya dakika 8, weka rezista za jumla ya megaohmu 8 katika kila moja ya nafasi hizo mbili, na sekunde moja ya saketi itakuwa dakika moja ya maji. Sisi kiwandani hatukuweza kuharakisha tangi. Wewe unaweza kuona saa nzima ya pampu na ukame kwa dakika moja, ukabadili, ukaona tena. Jopo likisema mchezo wa watoto, waonyeshe hapo.

Tahadhari mbili. Mita usiiguse kwenye mlango wa kugeuza, hata mara moja. Soma mdomoni tu, la sivyo mita inakuwa sehemu ya hesabu. Na kabla ya kila jaribio funga miguu miwili ya kapasita kwa waya mfupi ili ianze sifuri. Ukitaka kuanza na tangi lililojaa, acha pampu ilijaze kwanza.

Mwisho, pima kila rezista kwa mita kabla hujaiweka na uandike ilivyo kweli, maana iliyoandikwa 10 inaweza kuwa 9.6. Tofauti kati ya mkunjo wa chupa, mkunjo wa saketi na mkunjo wa fomula ndiyo sura yako ya tatu. Utakuta chupa inaachana na wengine mwanzoni, maji yakiwa juu na kasi kubwa, kwa sababu mrija unaacha kuwa mtiifu. Usiifiche. Eleza kwa nini.

Dada wa Bel-Air:

Ukipata jedwali la muda na kimo, liweke humu hata kama halijakamilika. Nitaandika programu fupi ya Python inayotatua mlinganyo uleule kwa hatua ndogo ndogo, ili uwe na mkunjo wa dijitali wa kulinganisha. Andika vipimo vya rezista kama ulivyovisoma, usivikadirie.

Kijana wa Katuba:

Mrija nimeupata kwenye duka la dawa, chupa ninayo. TL074 nimeiona ndani ya mikseta ya zamani ya kanisa ambayo fundi wa mtaa ameniruhusu kuifungua Jumamosi. Papa, swali moja: mrija una kile kigurudumu cha kubana. Nikiache wazi kabisa, au nikitumie kama vali?

Papa wa Vipimo (Kamalondo):

Kiondoe kabisa. Mahali kinapobana panageuka kuwa tundu, na utapata tena kipeuo cha pili. Ukitaka kupunguza mtiririko, ongeza urefu wa mrija.